Staa Akivujiwa Tunasema Kadukuliwa. Vipi Aliyemsetia Laptopu?

Juzi kati hapa mmeona wenyewe. Dada mmoja wa mjini, jina simtaji na nyie msimtaje huko chini, kaamka asubuhi kakuta picha zake za faragha zinatembea kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram. Mchana akatoka na taarifa: kadukuliwa. Jioni timu yake ikasema ni watu wasiopenda maendeleo yake. Kufika usiku kila mtu kashakuwa mtaalamu wa usalama wa mtandao, huyu anasema ni eksi wake, yule anasema ni kiki anatafuta namba kwa ajili ya ngoma mpya.

Mimi sijui nani kavujisha, na sina ushahidi wa mtu yeyote. Ila kila ikitoka koneksheni mpya mjini najiuliza swali moja ambalo silioni kwenye komenti: hizi laptopu na simu za mastaa wetu nani anaziseti? Zikifa nani anazitengeneza? Nani ana paswedi? Maana kwa ninavyowajua watu wa mjini, wengi hawajawahi kuwasha laptopu mpya kwa mkono wao. Inatoka dukani imeshafunguliwa boksi, imeshapewa jina, imeshawekewa neno la siri, na neno lenyewe ni 1234 au jina la duka. Unakabidhiwa mashine ya milioni na nusu ambayo mtu mwingine anaijua kuliko wewe, na kwa kazi hiyo umemlipa.

Kwa hiyo leo naomba tuongelee hiyo hela ya kusetiwa, na ile ya fundi mashine ikifa. Je, zina faida? Jibu langu nalitoa mapema ili mnaotaka kunitukana muanze: ya kusetiwa dukani, kwa wengi wetu, hapana. Ya fundi, ndiyo, tena bila kulialia, lakini kuna namna ya kumpelekea mashine na kuna namna ya kujichoma mwenyewe.

Tuanze na dukani. Mnaijua ile kaunta. Umeshalipa, boksi liko mbele yako, una furaha, unataka kupiga picha uposti. Dogo wa duka anakuuliza kwa upole kabisa, "Kaka, tukusetie kabisa?" Unauliza bei. Kariakoo anaweza kukwambia 20,000, ukienda duka lenye kiyoyozi unaambiwa 50,000, na wapo wanaofika laki kama umekuja na miwani ya jua na gari liko nje. Unauliza ndani yake kuna nini. Unaambiwa: "Tunakuwekea Windows, Office, antivirusi na programu zote muhimu." Programu zote muhimu. Muhimu kwa nani, hakuna anayeuliza.

Haya, tuzichambue.

Windows. Kama laptopu ni mpya na boksi linasema ina Windows, basi Windows imo, uliilipia humohumo kwenye bei ya mashine. Leseni yake imefungwa kwenye mazabodi tangu kiwandani, kiasi kwamba hata ukiifuta na kupiga tena toleo lilelile, ikipata intaneti inajitambua yenyewe. Kilichobaki ni kuwasha na kujibu maswali: uko nchi gani, kibodi gani, Wi-Fi ipi, akaunti ipi, unakubali tukufuatilie au la. Hayo ndiyo maswali wanayokuchaji 50,000 kukujibia. Wewe uliyefungua akaunti tatu za Instagram, moja ya kwako, moja ya biashara na moja ya kumchungulia eksi, huwezi kushindwa hapo.

Kuna laptopu mpya zinazouzwa rahisi kidogo na kwenye boksi zimeandikwa FreeDOS. Hizo hazina Windows kweli, na hapo hoja ya duka ina miguu. Lakini hapo muulize muuzaji: hiyo Windows unayoniwekea ni ya leseni au ya mtaani? Akianza kucheka jibu umeshalipata.

Office. Hapa ndipo mchezo mkubwa ulipo. Office ya kweli inalipiwa, ama kwa mwaka ama moja kwa moja, na haiwezi kuwa imo ndani ya 20,000 ya kuseti pamoja na soda. Unachowekewa ni Office iliyokrakiwa. Ili ile krak ifanye kazi, mara nyingi fundi kwanza anazima ulinzi wa mashine, kisha anaruhusu kiprogramu kisichojulikana kilikotoka kuingia na mamlaka yote, kisha anasahau kuwasha ulinzi. Au hasahau, ila akiuwasha krak inafutwa, kwa hiyo anauacha umezimwa. Yaani umelipa mtu akuvunjie mlango, na risiti umepewa. Na wakati huohuo Word na Excel za kwenye brauza ni bure ukiwa na akaunti ya Microsoft, Google wana za kwao bure, LibreOffice unaishusha bure na unafanyia kazi bila intaneti. Najua kuna watakaosema ofisini kwao wanataka Office yenyewe. Sawa, basi ofisi iwalipie.

Antivirusi. Windows za miaka hii zinakuja na Defender, ipo, inafanya kazi, haidai hela. Ile ya boksi unayouziwa kaunta kuna watu inawafaa, ila mwanafunzi wa Mlimani anayeandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo na kuangalia sirizi za Kikorea haihitaji.

Muvi na muziki. Hii sitaipinga. Kama dogo anakujazia muvi kama ofa ni upendo, ingawa na wenzetu wasanii wanatakiwa kula.

Sasa akaunti. Hapa naomba mtulie kidogo maana ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Ukikaa pale dukani na haraka zako, dogo anafika kwenye sehemu ya akaunti, anakuuliza imeili yako. Unaikumbuka, ila paswedi huikumbuki, na simu haina bando. Nyuma kuna wateja wanne. Dogo anafanya nini? Anaweka akaunti yake, au anafungua mpya palepale na paswedi ya kwake anayoiweka kwa kila mteja. Kwenye iPhone hii ni biashara kabisa mjini, watu wanalipa kufunguliwa Apple ID, na aliyefungua ndiye anayejua paswedi. Unatoka dukani umefurahi. Picha zako zinapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hifadhi hiyo ni ya nani? Ni ya mwenye akaunti. Kama paswedi anayo dogo, basi dogo akiamua siku yupo nyumbani hana la kufanya anaweza kuingia akakuangalia, wala hahitaji kuwa mdukuzi. Atabofya kuingia kama wewe unavyobofya kuingia.

Ndiyo maana nacheka nikisikia "nimedukuliwa". Kwenye ile picha ya kijana wa Kirusi kwenye chumba cha giza na kofia ya jaketi, mimi naona kaunta, soda, na kijana mstaarabu anayeitwa "fundi wangu".

Na wala si picha tu. Kuna prodyuza mmoja, ngoma zake mnazicheza wikiendi wala hamjui ni yeye, alinisimulia mwenyewe. Alinunua laptopu ya nguvu, ya kazi, akasetiwa dukani kwa akaunti ya dogo wa duka. Miezi minane mashine inaenda vizuri. Siku moja ikafanya masasisho, ikawaka na skrini ya bluu inayodai ufunguo wa kufungulia diski. Kwa wasiojua: Windows 11 nyingi za siku hizi, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, diski inajifunga yenyewe kwa kufuli la kidijitali. Ni jambo zuri, mwizi akikwapua mashine hapati kitu. Ufunguo wake ni namba 48, na unatunzwa kwenye ile akaunti iliyotumika kuseti. Kwenye akaunti ya dogo, siyo ya kwake yeye. Kurudi dukani, dogo aliacha kazi. Namba yake haipatikani. Duka likamwambia suluhisho lipo: wafute kila kitu wapige Windows upya, 20,000.

Ndani mlikuwa na kazi za wasanii watatu. Mmoja wao ilibidi arudi studio kurekodi sauti ambayo mwenyewe anakiri haikurudi kama ile ya kwanza. Jamaa alilipa mara mbili kwa huduma ileile, ya kwanza kufungiwa ndani ya mashine yake na ya pili kufutiwa kazi yake. Ukiniuliza kama kuseti dukani kuna faida, nitakutuma ukamuulize yeye.

Kuna watakaosema hii ni Bongo tu, wenzetu mbele wana mambo yamenyooka. Hapana bwana. Marekani ndiko biashara hii ilikokomazwa. Geek Squad, wale vijana wa kutengeneza kompyuta waliovaa shati jeupe na tai nyeusi, ilianzishwa Minneapolis mwaka 1994 na mtu mmoja, na mwaka 2002 ikanunuliwa na Best Buy, lile duka kubwa la vifaa vya umeme. Maduka yakagundua kwamba faida kwenye kompyuta yenyewe ni nyembamba, ila kwenye "tukusetie" na "tukukagulie" ni nene. Ndiyo maana swali la kaunta lipo dunia nzima. Dogo wa Kariakoo hakulibuni yeye.

Na upigaji upo vilevile. Mwaka 2019 kampuni ya Office Depot na wenzao wa Support.com walikubali kulipa dola milioni 35 kumaliza kesi na tume ya biashara ya Marekani, Office Depot milioni 25 na mwenzake milioni 10. Walifanya nini? Walikuwa na programu ya kukagua afya ya kompyuta dukani, bure. Kabla ya kukagua mteja anaulizwa maswali manne: mashine nzito? inazimika? inatoa matangazo? imewahi kukuonya kuhusu virusi? Ukijibu ndiyo kwa moja tu, programu inasema imeona dalili za virusi. Ukaguzi haukuwa na uhusiano na majibu yaliyotolewa. Dalili ilikuwa ni wewe kusema mashine nzito, na ni nani anapeleka mashine nyepesi kwa fundi? Baada ya hapo unauziwa tiba, hadi dola 300. Wafanyakazi wenyewe wapo waliolalamika. Ilienda hivyo miaka, mpaka mwaka 2016.

Sasa mkisikia fundi hajafungua hata mfuniko kashasema "hii ina virusi vingi sana", mjue ni lugha ya kimataifa.

Na kuvujishwa pia si kwetu tu. Wapenzi wa muvi za Hong Kong mnaokumbuka 2008 mnajua nani namzungumzia, ila kwa heshima ya nyumba hii naye simtaji. Alikuwa staa mkubwa, muziki anaimba, filamu anacheza. Alipeleka laptopu kwa mafundi. Kwenye duka hilo kijana mmoja akaona picha za faragha, akazinakili. Muda si mrefu zikaanza kumwagika mtandaoni, mamia, na ndani yake wamo mabinti maarufu wa huko ambao hawakupeleka mashine yoyote kwa fundi yeyote. Jamaa akaitisha mkutano na waandishi akatangaza kujiondoa kwenye tasnia ya Hong Kong. Fundi alifungwa mwaka 2009, miezi minane na nusu. Miezi minane na nusu! Wale wasichana mpaka leo ukiandika majina yao mtandaoni kitu cha kwanza kinachojitokeza ni kilekile.

Mwaka 2016 huko Oregon, mwanafunzi alipeleka iPhone yake itengenezwe kupitia kampuni yenyewe ya Apple, siyo kichochoroni. Mafundi wa kituo kilichopewa kazi hiyo California wakachukua picha na video yake wakaziposti kwenye Facebook yake mwenyewe, ionekane kaposti yeye. Alijua pale marafiki walipoanza kumpigia. Apple ilimlipa mamilioni ya dola, na habari ikaja kujulikana 2021. Na watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walifanya kitu ambacho ningependa siku moja kifanyike hapa kwetu. Walipeleka laptopu kwenye maduka ya mafundi zikiwa na tatizo dogo la sauti tu, na ndani wameweka kitu kinachorekodi kila fundi anachofungua. Ripoti ya 2022 inasema mafundi wa maduka sita walichungulia vitu vya mteja, na wawili wakanakili na kuondoka navyo. Waliochunguliwa zaidi ni mashine zilizoonekana ni za wanawake. Dada zangu mnaosoma hapa, hilo lisomeni mara mbili.

Nishasikia mtu anaandika komenti: "kwa hiyo unawaharibia mafundi riziki." Hapana. Tena nataka niwatetee, maana mjini tuna tabia mbaya ya kumlipa bila kelele anayebofya tu, halafu tunambana bei anayeshika bisibisi.

Fundi wa kweli wa Kariakoo au wa pale Posta ana ujuzi ambao huwezi kuupata kwenye video ya dakika kumi. Kubadilisha kioo kilichopasuka bila kukata waya mwembamba wa kamera. Kufungua laptopu iliyomwagikiwa chai, kuisafisha na kuirudisha duniani. Bawaba iliyong'oka na kipande cha mfuniko. Feni iliyojaa vumbi la Dar mpaka mashine inapiga kelele kama jenereta na kujizima ukifungua programu mbili. Tundu la chaji lililolegea. Hizo ni kazi za mikono, vifaa na miaka. Akikwambia bei usimuulize "kwa hiyo tu?" Unalipia miaka aliyounguza vidole na vipuri alivyowahi kuua akijifunza.

Na kama kuna huduma moja ningewashauri watu wote wenye laptopu ya zamani kidogo wailipie kesho asubuhi, ni kutoa ile hadi diski ya kuzunguka na kuweka SSD. Mashine uliyotaka kuitupa, ile unayoiwasha kisha unaenda kuoga, inawaka kabla hujavuta kiti. Nimeona watu wanataka kukopa milioni wanunue mpya wakati tatizo lilikuwa diski. Hapo fundi anakuokolea hela, na 30,000 yake ya ufundi mpe na ya nauli ongeza.

Kitu kingine kwa wenye mashine za zamani: Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu hapo "tunakuwekea Windows 11" imekuwa dili mjini. Angalia kwanza mashine yako. Kama ina prosesa ya Intel ya kizazi cha saba kurudi nyuma, kwa vigezo vya Microsoft wenyewe karibu zote hazikubaliki, na anayekuwekea anapita dirishani. Inaweza kufanya kazi, wapo wanaoitumia, ila asikuuzie kwa bei ya mlangoni, na asikudanganye kwamba ni sawa na ile ya rafiki yako.

Hata kuseti dukani, nikiwa mkweli, kuna wanaostahili kulipia. Mzee wako anayeishi Tabora peke yake na ametumiwa laptopu ili awaone wajukuu. Mwenye ofisi ya mashine kumi na tano zinazotakiwa kufanana. Na kuna suala la bando, ambalo wanablogu wa Ulaya hawalijui. Mashine mpya ukiiwasha tu inashusha masasisho ya GB kadhaa, na kwa bei ya bando zetu unaweza kujikuta umelipa karibu sawa na huduma ya dukani. Hapo mimi nafanya hivi: nakaa palepale dukani, naomba Wi-Fi yao, nawasha mwenyewe, najibu maswali mwenyewe, akaunti ya kwangu, paswedi ya kwangu, mashine inashusha wakati mimi naperuzi. Dogo nampa 5,000 ya soda na kiti. Hajawahi kukataa mtu.

Mkienda kwa fundi mashine imekufa, mambo machache, na siyaweki kwa mpangilio maana hata kichwani hayapo kwa mpangilio. WhatsApp uliyoiunganisha kwenye kompyuta, iondoe, unaiondolea kwenye simu yako hata kama laptopu haiwaki. Hii watu wanaisahau kuliko zote. Telegram hivyohivyo. Fundi akiwasha mashine yako na WhatsApp imo, kila meseji yako ya mchana huo anaisoma mubashara. Brauza inatunza paswedi zako zote na inazionyesha kwa atakayeuliza vizuri, kwa hiyo toka kwenye akaunti. Kama tatizo ni kioo, betri, bawaba au chaji, mwambie atoe diski mbele yako uondoke nayo mfukoni. Atakayesema hawezi kubadilisha kioo bila diski yako, hilo si duka la kwako. Akitaka paswedi ili ajaribu kama inawaka, kaa naye, iandike mwenyewe. Kwenye simu, Samsung wana hali maalumu ya matengenezo na Pixel wanayo pia, unaiwasha kabla ya kuikabidhi na vitu vyako vinafichwa. Laptopu hazina kitufe hicho, ndiyo maana diski mfukoni. Na kama mashine ina vitu ambavyo vikitoka maisha yako yanabadilika, basi baki hapo dukani saa tatu. Beba chaja ya simu.

Kuhusu sheria, ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na kuna tume yake kamili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na hiyo haimwangalii fundi peke yake. Wewe uliyepokea koneksheni kwenye grupu ukaisukuma kwa washkaji kumi unaweza kujikuta ndani kabla ya aliyeiba. Nilikuwa naangalia juzi jinsi komenti zilivyojaa "nitumie na mimi inbox", kutoka kwa watu walewale waliokuwa wanamwombea dada yetu kwenye posti ya chini yake.

Kitu cha mwisho, ukinunua mashine mpya mwezi huu. Muuzaji akikupa bei moja ya jumla, mwambie azitenganishe kwenye risiti: mashine kiasi gani, kuseti kiasi gani, Office kiasi gani. Uliza na waranti inaishia wapi ikifunguliwa na fundi wa nje. Nimeona watu wakiombwa hivyo 50,000 inayeyuka ghafla na kuwa "hiyo ni ofa tu, bro".

Haya, huko chini. Wewe ulichajiwa ngapi kusetiwa, na akaunti iliyomo kwenye laptopu yako sasa hivi ni ya nani? Nenda kaangalie kwanza, halafu uje uandike.